Ganzi ya Upande wa Kushoto

Mgeni alipiga hodi Jumamosi asubuhi, familia nzima ikiwa mezani imeshika videvu.

Kushika kidevu ndiyo ilikuwa ishara yao mpya. Tangu Jumanne, mama mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, alikuwa hana habari na kipande kizima cha uso wake. Mdomo wa chini upande wa kushoto, na kidevu kilicho chini yake, vilikuwa kama vya mtu mwingine aliyeviazimisha. Chai ilimchuruzika asijue. Punje ya wali ilimganda kidevuni mpaka ikakauka. Mwanzoni walimwambia, "Mama, futa," akanuna. Wakamfutia wenyewe, akakasirika zaidi. Ndipo binti yake wa sekondari akabuni njia: ukiona kitu, shika kidevu chako, basi, yeye ataelewa. Sasa kila mlo ulifanana na mkutano wa watu wenye mawazo mazito.

Aliyekwenda kufungua mlango ni bibi, mama mzazi wa baba wa nyumba hiyo, mwanamke asiye na jino hata moja lakini mwenye maneno ya kutosha vinywa vitatu. Majirani walimwita Redio, na yeye alijua.

Mlangoni alisimama msichana aliyejifunika mtandio mpaka puani.

"Shikamoo, bibi. Namtafuta mama wa hapa."

"Marahaba. Mama yupi?"

"Mwenye nyumba. Ila nataka kuongea naye peke yake."

"Peke yake kwa nini?"

"Ni mambo binafsi, bibi."

Redio alimpandisha macho na kumshusha, akayaegesha kwa muda kwenye tumbo la msichana, kisha akageuka na kuita ndani. "Mwanangu! Njoo uone kilichokufuata mpaka nyumbani."

Mwanawe, msoma mita wa idara ya maji, alitoka na kipande cha mkate mkononi. Alimtazama msichana, akamtazama mama yake. "Simjui huyu."

"Hata marehemu baba yako hakuwa akiwajua."

"Mama, nakwambia simjui!"

"Mimi nimesema unamjua? Nimesema amekufuata."

Msichana alikuwa ameshaanza kurudi nyuma Fundi alipofika. Alimwangalia mara moja tu usoni, yaani machoni, kwa sababu hakuna kingine kilichoonekana. Macho hayo aliyajua. Ukilala kwenye kile kiti cha kutibiwa meno, mdomo umeachama na taa imekuwakia, macho juu ya barakoa ndicho kitu pekee cha kibinadamu unachopata kukitazama.

"Mwacheni," alisema. "Huyu ni wa kliniki. Pita, mwanangu."

*

Chumba cha kushonea kilikuwa chumba cha mbele, chenye cherehani, kioo kirefu, na kamba iliyoning'inizwa tepe za kitambaa za rangi mbalimbali. Kila tepe ilikuwa na mikato midogo ukingoni, na kila moja ilikuwa vipimo vya mteja mmoja. Hazikuwa na jina wala namba. Fundi peke yake ndiye aliyejua tepe ipi ni ya nani.

Msichana hakukaa. "Mama, ganzi imeisha?"

"Ganzi gani tena? Nimepiga simu kwenu kila siku. Jumatano naambiwa ni kawaida, subiri. Alhamisi naambiwa daktari ana mgonjwa, subiri. Jana nimeambiwa nisipige simu kila mara, nitazuia laini." Herufi zilizohitaji midomo kukutana zilimtoka kama zimelowa. "Wewe ndiye umetumwa kuja kuniambia nisubiri?"

"Sijatumwa. Mama, haitaisha kwa kusubiri."

Akaeleza haraka haraka, jicho moja likiwa mlangoni. Siku ile yeye ndiye aliyeshika mrija wa kunyonya mate. Daktari alisafisha mzizi wa jino vizuri tu. Lakini alipokuwa akiuziba, dawa ilisukumwa kupita kiasi, ikatokea chini ya mzizi, ikaingia kwenye njia ya mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya na kwenda mdomoni. Kwenye picha ilionekana, doa jeupe mahali pasipotakiwa kuwa na kitu.

"Na yeye aliona?"

"Aliona. Alizima skrini, akasema tumalizie."

Fundi akaketi. Alikumbuka vizuri jinsi alivyopigwa bega na kuambiwa, hongera mama, umeokoa jino lako.

"Nenda hospitali kubwa," msichana alisema. "Waambie wakupige picha ya taya. Ile dawa ikitolewa mapema, mshipa unaweza kupona. Ikikaa, inauunguza. Alikuja mzee mmoja akaambiwa asubiri hivi hivi. Alisubiri mpaka akachoka kuja." Akavuta pumzi. "Kitu kimoja tu, mama. Usiseme ni mimi. Niko kwenye mafunzo pale, yeye ndiye wa kunisainia nikimaliza mwezi ujao. Asiposaini, yote niliyosoma yamekwenda na maji."

Fundi alinyoosha kidole kwenye kamba ya tepe. "Unaziona hizo? Wanawake wa mtaa huu wote wako hapo. Najua nani ameongezeka kiuno na kwa nini, kabla hata mumewe hajajua. Muulize yeyote kama aliwahi kusikia kipimo cha mwenzake kutoka kwangu."

"Mimi sikai mtaa huu."

"Hata ungekaa. Nakuahidi, mwanangu. Haitatoka kwangu."

Msichana alivuta mtandio wake, akaondoka bila kunywa hata maji. Fundi alipofungua mlango wa ndani, mume na mama mkwe walikuwa wamesimama nyuma ya mlango huo bega kwa bega, kila mmoja akijifanya amemfuata mwingine.

"Mmesikia?"

"Maneno mawili matatu," alisema Redio.

"Basi mnaapa hapa hapa. Wote wawili."

"Anayetakiwa kuapa ni mama yangu," alisema Msoma Mita. "Mimi nitamwambia nani?"

*

Ugomvi wa siku hiyo ulikuwa ule ule wa wiki nzima, ila sasa ulikuwa na nguvu mpya.

"Nilisema ung'oe," alisema Msoma Mita. "Kung'oa unaingia, unatoka, mchana unakula. Wewe ukataka kuokoa. Jino la nyuma huko, nani analiona?"

"Mimi nalitafunia."

"Mimi nimeng'oa yote na nakula nyama," alisema Redio.

"Unaimeza, mama. Huili," alisema Fundi.

"Inafika inakotakiwa kufika!"

Fundi hakuwa na nguvu ya kujieleza tena. Alikuwa amelipia tiba ile kwa fedha ya sare za shule, fedha aliyoshonea usiku na mchana bila kumwomba mtu, na alikuwa amejiambia kwamba mara hii moja hatachagua kitu kwa sababu ni rahisi. Hakutaka jino la dhahabu. Alitaka lake mwenyewe libaki mahali pake. Sasa uamuzi ule ulikuwa umegeuka kuwa kosa la nyumba nzima, na kila aliyepita karibu yake alikuwa na haki ya kulizungumzia.

Kuna jambo ambalo hakuwa amewaambia. Toka awe msichana anajifunza kazi, alishika pini kwa midomo. Mafundi wote aliowajua walifanya hivyo: mkono mmoja umekunja kitambaa mwilini mwa mteja, mwingine unachukua pini kutoka mdomoni, moja baada ya nyingine, bila kuangalia, huku unaongea kwa kona ya mdomo, geuka, simama wima, usivute tumbo. Pini zilikuwa upande wa kushoto siku zote. Jumatano na Alhamisi alizikuta sakafuni na hakujua zilianguka saa ngapi.

*

Hospitali kubwa ilimpokea Jumatatu kwa namna yake. Dirisha la kwanza walisema aende la tatu. La tatu walisema hawawezi kumwandikisha bila karatasi ya la kwanza. Benchi la meno lilikuwa limejaa watu walioshika mashavu, na kila aliyetoka alitoka na habari kwamba daktari bingwa wa mataya huja Jumatano tu.

"Una maumivu?" aliuliza muuguzi.

"Sina maumivu. Sina kitu chochote. Hilo ndilo tatizo."

"Kama huna maumivu, subiri wenye maumivu wapite."

Alirudi Jumatano. Bingwa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole na macho yaliyochoka. Alimfumba Fundi macho, akamgusa kidevu kwa pamba, kisha kwa ncha ya kitu chenye makali.

"Nakugusa wapi?"

"Hujanigusa."

Bingwa aliandika. Picha ilipotoka, aliitazama kwa muda mrefu kuliko Fundi alivyopenda. Akasema ndiyo, dawa ipo, imekaa juu ya mshipa. Inatakiwa itolewe. Yeye angeitoa hata leo, lakini chumba cha upasuaji kilikuwa na watu waliovunjika mataya ajalini mbele yake, na nafasi ya kwanza aliyonayo ni baada ya wiki tatu.

"Na wiki tatu ni sawa, daktari?"

Bingwa alikuwa mtu mkweli, jambo ambalo Fundi alimshukuru na kumlaumu kwa wakati mmoja. "Mapema ni bora. Kila siku ina maana yake. Hao waliokutibu wana uwezo. Wakikubali kukulipia hospitali binafsi, fanyeni wiki hii. Wakikataa, njoo kwangu, nitafanya nitakachoweza. Na uwe unapita kuuliza, mara nyingine mtu huahirisha."

*

Msoma Mita alipoelezwa hayo, aliondoka na sare yake ya kazi bila kusema anakwenda wapi. Alirudi saa kumi jioni, kifua mbele, akaomba maji ya kunywa kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

"Nimewakomesha," alisema.

Fundi aliacha kushona. "Nani?"

"Hao wa kliniki. Nimeingia mpaka pale mapokezi, watu wamejaa. Yule wa mezani ananiambia, mzee, una miadi? Nikamwambia miadi yangu ni mdomo wa mke wangu! Daktari mwenyewe akatoka. Ananiambia kwa upole, oo, ganzi hukawia kwa baadhi ya watu. Nikaona huyu ananifanya mtoto. Nikamwambia mbele ya watu wote, acha uongo, mtu wako mwenyewe ametuambia dawa ilipita!"

Fundi alisimama.

"Umesema nini?" aliuliza Fundi.

"Nimesema dawa..." Hapo ndipo na yeye alipojisikia. Glasi ikabaki hewani.

"Mtu wako mwenyewe."

"Sikutaja jina!"

"Humjui jina!"

"Basi si afadhali?"

"Baba watoto, pale kuna wasaidizi watatu! Watatu! Unafikiri daktari atamaliza siku ngapi kuwachambua?"

Redio alitoka chumbani kwake taratibu, akifurahia kila hatua. "Na mimi ndiye niliyeapishwa," alisema. "Mimi ndiye Redio. Tangu Jumamosi nimekutana na jirani mara nne, nimefunga mdomo mpaka fizi zinauma. Kumbe kituo kikubwa kiko kazini, kimevaa sare."

"Mama, usiniongezee."

"Nikuongezee wapi? Umejaa."

Msoma Mita aliketi kwenye kiti cha wateja. Kazi yake ilikuwa kupita geti kwa geti akigombana na watu kuhusu maji waliyotumia na wanayodai hawakutumia, na miaka mingi ya kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba mwenye sauti kubwa ndiye anayesikilizwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikwenda kumpigania mke wake kwa silaha pekee aliyoizoea. Lakini Fundi hakuwa na nafasi ya huruma jioni ile. Alichoona ni macho ya yule msichana juu ya mtandio.

*

Kesho yake alikuja mke wa mwalimu mkuu kujaribu gauni. Fundi alipiga magoti akiupima upindo, mawazo yakiwa mbali, na mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya: ukachukua pini ukaziweka mdomoni.

"Geuka kidogo," alisema. "Simama wima."

Mteja aligeuka, akajitazama kiooni, akatazama chini, akapiga kelele.

"Nini?" aliuliza Fundi. "Nimekuchoma?"

"Mdomo wako! Fundi, mdomo!"

Alisimama akajiangalia kiooni. Pini moja ilikuwa imezama kwenye mdomo wa chini, nusu ndani nusu nje, na uzi mwembamba wa damu ulikuwa umeshafika shingoni. Hakuhisi kitu. Aliivuta kama mtu anayeivuta kwenye kitambaa. Binti yake, aliyekuwa amechungulia kwa ile kelele, alinyanyua mkono kushika kidevu chake kwa mazoea, kisha akaushusha na kuanza kulia.

"Usilie. Haiumi."

"Ndiyo maana nalia, mama."

Mke wa mwalimu mkuu alikuwa ameshavua gauni na kulikunja. Alisema pole mara nyingi. Alisema apumzike kwanza, atalileta akipona, hakuna haraka. Alipofika mlangoni alilikagua gauni ndani na nje, mshono kwa mshono, akidhani haonekani. Kabla ya jioni wateja wengine wawili walituma watoto kuchukua vitambaa vyao. Hawakutoa sababu. Fundi aliwapa, akafungua tepe zao kwenye kamba na kuziweka pembeni.

Simu ilipolia alidhani ni mteja wa tatu. Ilikuwa kliniki. Daktari angependa kuwaona wote wawili, mama na baba, kesho Ijumaa, bila malipo yoyote.

*

Ofisi ya daktari ilikuwa na baridi ya mashine na harufu ya karafuu. Mezani palikuwa na taya la mfano la plasta ambalo daktari alilifungua na kulifunga alipokuwa akifikiri. Alikuwa mwanaume nadhifu, mwenye tabasamu lililojaa meno yake yote.

"Karibuni. Mama, pole sana. Baba, karibu. Chai? Kahawa?"

"Hapana, asante," alisema Fundi. Asingekubali imchuruzike mbele ya mtu huyu.

"Kwanza niseme, haya mambo hutokea. Hata kwa madaktari wakubwa hutokea."

"Kwa hiyo umekubali," alisema Msoma Mita.

"Sijasema nimekubali. Nimesema hutokea." Alifunga taya la plasta. "Lakini mimi ni binadamu. Nina rafiki yangu, bingwa wa mataya, hospitali binafsi. Nimeshaongea naye. Keshokutwa anaweza kumfanyia mama upasuaji. Gharama zote juu yangu. Mnaenda, mnalala siku moja, mnarudi."

Fundi alijikuta amekamata ukingo wa kiti. Keshokutwa. Aliona kioo chake kirefu, aliona mikono yake ikienda mdomoni na kurudi bila kuangalia. Msoma Mita alimgusa goti chini ya meza.

"Na sisi tufanye nini?" aliuliza Fundi, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akinunua na kuuza, na aliijua sauti ya mtu ambaye hajamaliza kutaja bei.

"Kitu kidogo. Juzi mzee alisema mtu wangu ndiye aliyewaambia. Hapa nina wasaidizi watatu. Nataka kujua ni yupi, basi. Siwezi kukaa na mtu anayetembeza siri za wagonjwa."

"Mgonjwa ni mimi," alisema Fundi. "Siri ilikuwa yangu."

Daktari alitabasamu, lakini kwa meno machache zaidi. Aliitoa simu yake mfukoni, akaiweka katikati ya meza. "Jina tu, mama. Kama hulijui jina, nieleze alivyo. Halafu nampigia bingwa hapa hapa mnasikia."

Nje ya mlango wa kioo, sauti ya msichana iliita mgonjwa anayefuata. Ilikuwa ya yule wa mtandio. Fundi hakugeuza kichwa. Alifikiria wiki tatu, wateja walioondoka na wale ambao wangeondoka. Alifikiria kwamba angeweza kusema bila hata kusema: angegeuka tu aangalie mlangoni, na daktari angeelewa, na yeye angeweza kujidanganya baadaye kwamba hakutamka neno.

"Niliambiwa na mdomo wangu," alisema. "Umekufa tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Unafikiri nilihitaji mtu wa kunitangazia msiba?"

"Mama, tusitaniane."

"Uso wangu unaona una utani?"

Daktari alimwacha, akamgeukia mume. Sauti yake ikawa ya wanaume wawili wenye akili. "Mzee wangu. Mama ana uchungu, namwelewa. Lakini wewe ndiye kichwa cha nyumba na wewe ndiye uliyesema. Mnaweza kwenda kunishitaki, njia zipo, sitawazuia. Ila kesi ina mwendo wake, na huu mdomo hausubiri kesi. Msaidie mke wako."

Msoma Mita alifungua mdomo, na Fundi akamwona akiufungua. Alimjua mtu huyu. Katika maisha yao yote pamoja hakuwahi kupewa habari asubuhi ikalala naye. Alimwona akitazama ile simu, kisha akitazama kidevu chake, mahali ambapo pini ilikuwa imeacha alama ndogo nyeusi. Fundi hakumkonyeza wala kumgusa. Angeanza kumzuia, daktari angepata jibu lake.

"Nilidanganya," alisema Msoma Mita.

"Samahani?"

"Juzi. Nilikuwa na hasira, nikapayuka. Hakuna mtu aliyetuambia kitu. Niliona kwenye sinema wanasema hivyo, nikasema."

"Mzee, ulisema mbele ya watu wote kwamba..."

"Nilisema! Na walinisikia, wengine nasoma mita zao. Basi watangazie kwamba mume wa Fundi ni mwongo. Sema nimekuja mwenyewe nimekiri." Masikio yake yalikuwa yamekuwa moto. Mtu huyu ambaye aliweza kugombana nusu saa kwa ajili ya ndoo moja ya maji, asionekane amekosea hesabu, alikuwa amekaa mbele ya taya la plasta akijivua nguo. "Mimi ni mwongo. Umeridhika?"

Daktari aliwatazama kwa zamu, mmoja, mwingine, tena wa kwanza. Kisha aliichukua simu, akairudisha mfukoni.

"Basi na mimi sina cha kuwasaidia. Nendeni mkapange foleni."

*

Mapokezini, msichana alikuwa mezani akiandika. Bila mtandio alikuwa mdogo zaidi, na nywele zake zilikuwa zimebanwa nyuma kwa mpira wa bluu. Wasaidizi wenzake wawili walikuwa karibu naye, na hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyekuwa akiongea. Fundi na mumewe walipopita mbele yake aligeuza ukurasa.

"Anayefuata," alisema.

Mlango ulipojifunga nyuma yao, jua na makelele ya barabara vikawapokea kwa pamoja. Msoma Mita alijizuia mpaka walipofika kwenye ngazi ya mwisho, kisha akashindwa.

"Unajua tumekataa nini pale ndani?"

"Najua."

"Keshokutwa! Alisema keshokutwa!"

"Nilikuwepo, baba watoto."

"Na huenda mdomo usirudi kabisa. Bingwa mwenyewe alisema kila siku ina maana yake. Huenda ukabaki hivyo hivyo maisha yako yote."

"Mdomo ni wangu. Unafikiri sijui?"

Msoma Mita alitembea mbele yake, akarudi, akatembea tena. "Na mimi nimejiita mwongo. Mimi! Kesho nikimwambia mtu mita yake imesoma hivi, ataniambia nini? Halafu yule binti, kutuangalia tu! Hata kunyanyua macho, hata mara moja! Si tungejua tu kwamba ameona?"

Fundi alitoa leso, akajipangusa kidevu upande wa kushoto, bila kuambiwa, kwa kubahatisha.

"Angetuangalia," alisema, "tungekuwa tumekataa bure."

Msoma Mita alitaka kujibu. Alikuwa na jibu tayari, na lingine nyuma yake. Aliyameza yote mawili. Akamshika mkono, wakasubiri magari yapungue, wakavuka kwenda upande wa hospitali kubwa, kuuliza kama kuna mtu aliyeahirisha.